Kati ya Nakshi na Mikoko: Shajara ya Mchongaji Amu

Jumamosi, njiani

Basi liliondoka Mombasa kabla ya alfajiri. Malindi chai, Garsen vitambulisho, Witu vitambulisho tena. Barabara siku hizi ni lami, na wazee mle ndani hawachoki kuwasimulia vijana habari za enzi ya tope, basi likinasa na abiria wakilala papo hapo. Jirani yangu kitini, kijana wa Mpeketoni, alitaka kujua kuna nini ndani ya mfuko wangu wa turubai unaolia chuma kwa chuma kila tukipita tuta. Nikamfungulia: patasi, tezo mbili, nyundo ya mti.

"Kumbe fundi."

"Mchongaji."

Akanitazama vizuri. "Wa twiga?"

Nikacheka, maana alikuwa amepatia. Nimekulia Changamwe, katikati ya vibanda vya wachongaji wa Kikamba. Ufundi huu kwetu si wa kale sana. Jina linalotajwa ni Mutisya Munge, aliyeuleta Ukambani baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia akiwa amejifunza kwa wachongaji wa Tanganyika. Mjomba alinikabidhi kipande cha mti na twiga mmoja wa kuigiza, akasema nirudi akishafanana. Nilichonga twiga miaka mingi kabla ya kumwona twiga. Wangu aliigwa kwa wa mjomba, wa mjomba kwa wa mwalimu wake, na huko nyuma sijui kama kulikuwa na yeyote aliyesimama nyikani akamkodolea macho mnyama mwenyewe. Nenda Tsavo ukamtazame: goti la twiga wa Changamwe haliko lilipo goti la twiga.

Simdharau mjomba kwa hilo. Twiga wale wamesomesha watoto. Lakini umbo linatoka wapi, kwenye mkono wa aliyetangulia au kwenye kitu chenyewe? Swali hilo limenitoa nyumbani, na nimelipeleka Amu, yaani Lamu, kwa sababu moja: huko wachongaji wamefanya kazi karne nyingi bila twiga, bila simba, bila sura ya mtu.

Mokowe tulifika jua limepinda. Boti ilijaa watu, mikungu ya ndizi na friji moja iliyovikwa blanketi. Kaskazi ilikuwa inavuma, mawimbi mafupi yenye hasira, tukafika gatini tumelowa upande mmoja.

Jumapili, Mkomani

Mji umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2001, na kila mtu atakuambia hilo kabla hujamuuliza. Kinachoambiwa mara chache ni kwamba nyumba zake za kale zimejengwa hasa kwa vitu viwili vyenye asili ya bahari: mawe ya matumbawe na boriti za mikoko. Hata ukubwa wa vyumba umepimwa na mti. Boriti haina nguvu ya kuvuka upana mkubwa, ndiyo sababu vyumba vya nyumba za kale ni vyembamba na virefu. Mkoko ndio uliochora ramani ya nyumba, mwashi akafuata.

Nilizunguka asubuhi nikitazama milango, nikipisha punda. Punda wa Amu hapishi mtu. Baadaye nikasikia mlio ninaoufahamu, patasi ikigongwa kwa pigo fupifupi, nikaufuata mpaka kwenye karakana yenye upana wa mlango wenyewe. Fundi kijana, labda miaka thelathini, alikuwa amelaza mfaa juu ya magogo mawili. Mfaa ni ule mhimili wa katikati, mbao mbili za mlango zinapokutania, na ndipo fundi hutoa maringo yake yote.

Nilisalimu, nikaketi, nikakaa kimya mpaka aliponizoea. Mchoro alikuwa ameuweka kwa penseli na bikari: duara, ndani yake duara, petali nane, kisha mnyororo unaopanda kuelekea duara jingine. Patasi nyembamba kwanza, wima, akikata mipaka tu. Kisha patasi pana, imelala, anaondoa usuli ili ua lisimame. Kila baada ya mapigo kadhaa anapuliza, vumbi linaruka, anapitisha kidole gumba kwenye ukingo. Hatazami kidole kinapopita; anatazama barabarani, anajibu salamu za watu, na kidole kinamwambia pa kurudia. Huo ulikuwa ujuzi nilioutambua. Mjomba naye alikuwa akisikiliza kwa kidole.

"Hilo ni waridi?" nikamuuliza.

"Ni ua."

"Ua la mti gani?"

Akafikiri kidogo. "Ua la mlango."

Hakuwa anafanya mzaha. Ua lile amelipokea kwa baba yake, baba kwa fundi wake, na halioti kwenye bustani yoyote. Nikaona nimefika Changamwe nyingine, yenye maadili ya juu zaidi na mti wa bei zaidi. Nilipomuuliza kuhusu mbambakofi alitikisa kichwa. Mti ni adimu na mwenye nao anajua kuwa ni adimu.

Jioni nikaingia nyumba moja ya kale iliyo wazi kwa wageni, kutazama zidaka. Ukuta mzima wa ndani una vishubaka vya chokaa vimepangwa safu juu ya safu, na vile vya juu ni vidogo kuliko vya chini, hata jicho likadanganywa kuwa ukuta uko mbali kuliko ulivyo. Nilikaa hapo mpaka mlinzi akaanza kufunga madirisha. Chokaa ile nayo ni matumbawe yaliyochomwa. Hakuna ua hata moja la kweli ukutani, lakini kila ninachogusa kilikuwa hai.

Jumatatu, Makumbusho

Vyombo vya harusi, mapambo ya fedha, mifano ya majahazi. Nilivipita haraka, naomba radhi kwa wahifadhi. Nilikwenda kwa ajili ya siwa, yale mabaragumu makubwa ya watawala.

Ziko mbili zenye jina pwani hii: siwa ya pembe ya ndovu ya Pate, inayozidi mita mbili kwa urefu, na siwa ya shaba ya Amu. Zilipigwa kwenye mambo makubwa, kutawazwa kwa watawala na arusi za wakubwa, na aliyekuwa na siwa alikuwa na mji. Ya pembe imepinda kwa sababu pembe imepinda. Mchongaji alipokea mpindo ule kwa mnyama, akatia nakshi juu yake bila kuusahihisha. Ya shaba ndiyo iliyonisimamisha. Shaba huyeyuka, unaweza kuimimina kwenye umbo lolote utakalo. Wangeweza kuinyoosha. Badala yake wakaipa mpindo wa pembe. Ndovu hayupo tena kwenye kazi ile, lakini umbo lake limebaki likitoa amri.

Hapo nikamkumbuka Henry Moore. Nilimkuta zamani kwenye kitabu cha picha maktabani, Mwingereza mmoja aliyezaliwa 1898 na kufariki 1986, na kwa muda mrefu nilimwona kuwa mtu wa mabonge tu. Baadaye nikaelewa kwamba alikuwa na walimu wawili na hakumwacha hata mmoja. Ujanani alishinda kwenye makumbusho ya London akitazama kazi za Afrika na za Meksiko ya kale. Wale watu wake wanaojilaza chanzo chao ni Chacmool, sanamu ya mawe ya Meksiko. Upande wa pili, kijijini kwake Perry Green, alijaza karakana ndogo kwa mawe ya mashambani, mifupa na makombe, akiviokota na kuvigeuza mkononi mpaka kimoja kianze kufanana na bega au nyonga. Julian Huxley, mwanabiolojia, na mkewe Juliette walimpa fuvu la ndovu, naye mwaka 1969 na 1970 akalichora picha baada ya picha za kuchapwa, akiingia ndani ya matundu yake kana kwamba ni mapango.

Kwa hiyo ndovu mmoja kawafanyia kazi mafundi wa Pate, mwingine kamfanyia kazi Moore, na sisi wa Changamwe tumemchonga ndovu maelfu kwa maelfu bila kumuuliza lolote. Niliandika sentensi hiyo kwenye daftari pale pale makumbusho na bado naiona ni kali mno kwa ndugu zangu, lakini siifuti.

Jumanne, Takwa

Takwa, magofu ya mji wa kale kisiwani Manda, huendi utakavyo, unakwenda maji yatakavyo. Nahodha alinipa saa, nikafika, akaniambia tungoje tena kidogo. Tulivuka mkondo hadi upande wa Manda, tukaingia hori lililopita katikati ya mikoko, na kweli maji yangepungua mkono mmoja tungekwama. Mizizi ya mikoko imesimama nje ya tope, kila mmoja ukitafuta pa kutua. Nikamwomba nahodha azime mashine, tukaenda kwa upondo. Nilichora mizizi mitatu. Hakuna mzizi uliopinda bila sababu: hapa umekwepa jiwe, hapa mwenzake umeanguka ukaulalia.

Mji wenyewe ulikuwa na watu karne ya 16 na ya 17, ukahamwa. Imebaki mibuyu, ukuta, msikiti mkubwa wenye nguzo juu ya ukuta wa kibla, na nje ya ukuta wa mji lile kaburi la nguzo lenye tarehe ya 1094 Hijria, yaani karibu 1683. Mtunzaji aliniacha nikae nitakavyo.

Nilikaa mbele ya mihrabu. Kwa mbali unaona mistari iliyonyooka, safi. Ukisogea mpaka pua ikaribie jiwe, mistari inapotea na unaanza kuona vijitundu, maelfu, kila kimoja kidogo kuliko kichwa cha njiti ya kibiriti, kila kimoja na ukuta wake mwembamba. Mafundi wa zamani walikuwa na matumbawe ya aina mbili. Yale magumu ya nchi kavu yalikwenda kwenye kuta. Kwa nakshi walikata matumbawe hai baharini, yale laini yenye chembe ndogo, wakayachonga yangali na unyevu, kwa sababu yakishakauka yanakuwa magumu. Mchongaji yeyote ataelewa maana ya hilo. Hakuna kwenda chai ukarudi kesho. Jiwe limekupa muda wake, nawe unafanya kazi ndani ya muda huo.

Na kila kijitundu kilikuwa nyumba ya mnyama. Mafundi waliojizuia kuchonga kiumbe chochote chenye roho walikuwa wanapitisha patasi ndani ya miili ya viumbe, kwa mamilioni. Sijui kama walilifikiria hivyo. Nililifikiria mimi mpaka nahodha akapiga mluzi kwamba maji yanatoka.

Jumatano, Matondoni

Leo nitaandika marefu.

Matondoni iko upande wa magharibi wa kisiwa. Nilikwenda kwa boti ya watu wa kule waliokuja sokoni. Ufukweni kulikuwa na mashua mbili zinazokarabatiwa na moja mpya, mbao zimeshapanda hadi nusu ubavu, ndani bado wazi. Fundi mzee alikuwa amechuchumaa ndani yake. Nikatoa salamu, nikamwamkia shikamoo, nikajitambulisha.

"Mkamba?"

"Ndiyo, mzee."

"Nyinyi mwatonga wanyama." Akatabasamu. "Haya, ndoo. Panda." Ndoo ya Kiamu ni njoo, nikapanda.

Alikuwa anatia mataruma, zile mbavu za ndani zinazoshika mbao. Kila taruma lina mpindo wake, kwa sababu chombo hubadilika umbo kutoka omo, mbele, hadi tezi, nyuma, na hakuna mahali pawili panapolingana. Akachukua kipande cha nondo nyembamba, akakilaza kwenye mbao pale taruma litakapokaa, akakikandamiza kwa viganja mpaka kikashika umbo la chombo. Kisha akashuka nacho, taratibu, kakishika mbele yake kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba uji wa moto, akaenda kwenye rundo.

Rundo lile kwa macho ya mtu wa mjini ni kuni. Matawi na mashina yaliyopinda, mengine yana gamba bado: mlilana, mkomafi, na siku hizi mwarobaini mwingi. Akaweka nondo juu ya tawi. Hapana. Jingine. Hapana. Akaligeuza, akalitazama kwa chini. Hapana. La nne au la tano nondo ikalala juu ya mti bila mwanya, isipokuwa karibu na ncha. Akanipa nishike nione. Akachukua tezo, akasimama mguu huku na mguu huku, akaondoa ile ncha kwa mapigo mapana, chembe zikiruka kati ya miguu yake. Upande wa ndani hakuugusa kabisa. Gamba tu aliliondoa.

Nikamuuliza kwa nini asinunue ubao mpana mnyoofu, akaukata mpindo kwa msumeno, aache kuhangaika na kuni.

"Mti ulonyoka ukiutia msumeno ukaupinda, mai yatauvunda," akasema. Akaniokotea kipande cha ubao, akanionyesha nyuzi za mti zinavyokwenda. Ukikata mpindo kwenye mti mnyoofu, nyuzi zinakatika njiani, na pale zilipokatika ndipo bahari itapopiga. Tawi lililopinda lenyewe nyuzi zake zinapinda nalo, kutoka mwanzo hadi mwisho hakuna uliokatika. "Mimi siupindi. Nautafuta."

Nautafuta. Kumbe nusu ya kazi inafanyika mwituni, kabla ya tezo. Anakwenda msituni akiwa na chombo kizima kichwani, anatembea akitazama matawi, na anaona taruma likiwa bado limesimama na majani. Umbo la chombo amelirithi kwa waliomtangulia, hakuna mahali limeandikwa. Mpindo ameuchukua kwa mti. Kazi yake ni kuvikutanisha, na kama havikutani anarudi mwituni. Nilimfikiria fundi wa Mkomani na ua lake la mlango, nikafikiria na Moore akigeuza mfupa kiganjani, nikaona huyu mzee ndiye pekee kati yao anayelipa kwa maji akikosea. Uzuri wa mashua hauna mahali pa kujificha.

Nilimsaidia mpaka adhuhuri, kushika na kugeuza. Baada ya swala tulikula wali wa nazi na samaki kwenye sinia moja, yeye, wanawe na mimi. Omoni chombo kilishapata mato yake, yaani macho, duara mbili za mti zilizochongwa mwezi na nyota, moja kila upande, zikingoja rangi. Nikamuuliza kama chombo kinaona nayo.

"Aona nahodha," akasema, akaendelea kula.

Nikiondoka aliniambia nichague kitu kwenye rundo. Nilikaa hapo muda mrefu kuliko ilivyo adabu. Nilichagua shina la mwarobaini, urefu wa mkono na nusu, lenye mpindo mmoja mpana na mwingine mdogo uliogeuka upande. Alilikataa yeye kwa mashua, kwa sababu ya ule mdogo. Mimi nilililipia kwa sababu ya ule mdogo, naye hakuitaka pesa, tukavutana mpaka mwanawe akaipokea.

Alhamisi, Shela

Upepo tu. Mchanga wa vilima unahama mbele ya macho, na chini yake ndimo yanamohifadhika maji matamu ambayo mji unayategemea, kwa hiyo vilima hivi si vya kupigia picha peke yake. Nilitembea ufuo mrefu nikitafuta makombe na mifupa ya samaki. Nilipata ndara.

Ndara na chupa, na vifuniko. Pwani hii ndiyo iliyozaa Flipflopi, chombo kilichoundwa kwa plastiki iliyookotwa na kuvikwa ndara ubavuni, kikazinduliwa Lamu mwaka 2018 na mapema mwaka uliofuata kikasafiri hadi Zanzibar. Nakivulia kofia. Ila nikiwa nimetoka Matondoni jana, niliwaza: plastiki haina nyuzi wala mpindo wa kuzaliwa, inakubali kila unachoiambia. Mpindo wote inabidi utoke kichwani mwa fundi. Kazi nzuri imefanyika hivyo, lakini ni mafundi waliojifunza kwa mti. Atakayeanza na plastiki tangu siku ya kwanza atajifunza kwa nani?

Ijumaa

Mji umefungwa mpaka baada ya swala. Nilikaa barazani na shina langu, nikaondoa gamba kwa kisu. Watoto walitoa maoni. Nyoka, akasema mmoja. Siwa, akasema mwingine, na huyo nikampa biskuti. Sikuchonga kitu. Fundi wa Mkomani alipita akitoka msikitini na kanzu yake nyeupe, akasimama, akapitisha kidole gumba juu ya ule mpindo mdogo, mbele na nyuma, akitazama watu barabarani.

"Hapa usitie nakshi," akasema.

"Kwa nini?"

"Utaiharibu." Kisha akaongeza kwamba kule kwenye mpindo mpana pana nafasi ya mnyororo mmoja, nikitaka, na kwamba yeye angeanzia chini. Tukabishana juu ya hilo mpaka alasiri. Yeye ni wa kuanzia chini. Mimi nadhani hakuna mnyororo, pana mstari mmoja tu wa patasi unaofuata nyuzi na kukomea pale zinapogeuka.

Jumamosi, Mokowe

Utingo wa basi alilitazama shina, akanitazama.

"Hizi kuni zinakwenda Mombasa? Mombasa hakuna kuni?"

"Si kuni, ni kazi."

"Kazi ni mia tatu."

Tukashuka hadi mia mbili, akalilaza juu ya magunia, nikamwomba asiweke mzigo juu yake. Mwarobaini huu bado mbichi na ukikaushwa haraka utapasuka, kwa hiyo utakaa kivulini nyuma ya kibanda, ncha zote mbili zimepakwa nta, mpaka kusi ianze. Mjomba atauliza ni mnyama gani.

Nitamwambia achukue patasi aje tuusome pamoja.